Uhura, Nyota na Chombo cha Anga: Kiswahili Katika Filamu ya Bunilizi ya Kisayansi

Miongoni mwa barua zilizofika katika meza yetu ya istilahi imo moja iliyoandikwa na mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi huko Nyasubi, mjini Kahama, mkoani Shinyanga. Mwalimu huyo aeleza kwamba baadhi ya wanafunzi wake waliitazama, katika kibanda cha video, filamu ya Kimarekani iitwayo Star Trek, ile iliyotolewa mwaka 2009, kisha wakamjia na maswali matatu. La kwanza: mwanamke anayepokea na kupeleka habari ndani ya chombo kile aitwa Nyota Uhura, je, majina hayo ni ya Kiswahili? La pili: filamu ya namna hii, isimuliayo mambo ya kisayansi ambayo hayajapata kutokea, iitweje? La tatu liliulizwa na msichana ambaye mwenyewe aitwa Nyota: ikiwa jina langu limefika huko, mbona mambo mengine yote ya huko hayaelezwi kwa Kiswahili?

Maswali haya yawahusu pia wafasiri, walimu wengine na watumishi wa serikali ambao kila siku hukutana na maneno ya sayansi na hulazimika kuyatafutia Kiswahili chake. Katika makala haya tutajaribu kueleza jinsi neno letu lilivyoingia katika filamu hiyo, jinsi lilivyogusa maisha ya watu, na istilahi ambazo mwalimu aweza kuzitumia darasani tangu sasa.

1. Asili ya jina

Star Trek ilianza kuwa mfululizo wa michezo ya televisheni nchini Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Filamu ya kwanza ya sinema yenye jina hilo ilitoka mwaka 1979, ikafuatwa na nyingine nyingi, na ile ya mwaka 2009 iliusimulia upya mwanzo wa hadithi. Hadithi yenyewe ni ya wasafiri wa karne zijazo, wapitao baina ya nyota ndani ya chombo kiitwacho Enterprise. Luteni Uhura, mwanamke wa Kiafrika, ndiye afisa wa mawasiliano wa chombo hicho. Mchezaji wa kwanza wa nafasi hiyo alikuwa Nichelle Nichols, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1932. Katika filamu ya mwaka 2009 nafasi hiyo ilichezwa na Zoe Saldana.

Nichols mwenyewe alisimulia kwamba siku aliyokwenda kufanyiwa majaribio alikuwa na kitabu mkononi: riwaya ya Robert Ruark iliyotolewa mwaka 1962, iliyohusu Kenya, na yenye jina Uhuru. Neno hilo likampendeza mtungaji wa Star Trek, Gene Roddenberry. Hata hivyo ilionekana yafaa lilainishwe ili liwe jina la mwanamke, na hivyo irabu ya mwisho ikabadilishwa.

Hapa yafaa tutue kidogo. Katika Kiswahili irabu ya mwisho ya nomino haionyeshi jinsia. Neno uhuru limejengwa kwa kiambishi u-, kile kile tukionacho katika utu, udugu na ujamaa, pamoja na neno huru lenye asili ya Kiarabu. Irabu u ya mwisho ilikuja ili neno lililoishia kwa konsonanti liweze kutamkika vizuri katika vinywa vya Waswahili. Kuigeuza u kuwa a hakulifanyi neno kuwa la kike kwetu. Hiyo ni kawaida ya baadhi ya lugha za Ulaya. Basi jibu la swali la kwanza ni hili: Uhura si neno la Kiswahili, bali ni jina la kubuni lililozaliwa na neno la Kiswahili. Mfasiri asilisahihishe kuwa Uhuru, maana jina la mtu huachwa kama mwenyewe ajiitavyo, na upatanisho wake ni ule wa viumbe hai: Uhura amesema, Uhura amejibu.

Nyota, kwa upande mwingine, ni Kiswahili halisi. Jina hilo la kwanza halikutajwa katika michezo ya miaka ya 1960. Lilipendekezwa baadaye na waandishi wa vitabu vilivyotokana na hadithi hiyo, na filamu ya mwaka 2009 ndiyo iliyolithibitisha. Wasomaji wetu wafahamu pia kwamba katika filamu hiyo Uhura ni mtaalamu wa lugha za viumbe wa sayari nyingine. Kwa maneno mengine, ni mwenzetu katika kazi.

Zaidi ya majina, Kiswahili chenyewe kilisikika. Katika mchezo wa kwanza kabisa kuonyeshwa, mwaka 1966, kiumbe aliyejigeuza mwanamume mweusi alizungumza na Uhura kwa Kiswahili. Katika mchezo mwingine wa mwaka 1967, Uhura alifutiwa kumbukumbu na mashine, akaanza kufundishwa upya kusoma Kiingereza, na alipokwama alirejea kwenye Kiswahili. Watungaji walikusudia ieleweke kwamba hiyo ndiyo lugha yake ya kwanza.

Haikuwa kwa nasibu. Mwaka huo huo wa 1966, Wamarekani weusi waliisherehekea kwa mara ya kwanza sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Maulana Karenga, ambayo misingi yake saba ina majina ya Kiswahili, ikiwa ni pamoja na Umoja, Ujamaa, Kuumba na Imani. Tena neno uhuru lilikuwa na maana mbili zilizowagusa watu hao. Maana ya kisiasa, yaani nchi kujitawala, ndiyo iliyovuma tangu miaka ya 1950. Lakini maana ya zamani zaidi katika mwambao wetu ilikuwa ile ya mtumwa kuachwa huru. Mwanamke wa kizazi cha watumwa alipopewa jina lililotokana na neno hilo, alipewa, pengine bila watungaji kujua, maana ile ya kale.

2. Filamu na maisha ya watu

Baada ya msimu wa kwanza wa michezo hiyo, Nichols alitaka kuiacha kazi. Alieleza mara nyingi kwamba aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyekutana naye katika hafla moja. King alimwambia kuwa nafasi yake ilikuwa na uzito kuliko alivyodhani, kwa kuwa ilimwonyesha mtu mweusi, tena mwanamke, akifanya kazi ya heshima na ya elimu, bila kuwa mtumishi wa nyumbani wala kichekesho. Nichols akabaki.

Mwaka 1977 shirika la anga la Marekani, NASA, lilimwomba asaidie kuwashawishi wanawake na watu wa rangi zote waombe nafasi ya kuwa wanaanga. Kundi lililochaguliwa mwaka 1978 lilikuwa na watu 35. Humo alikuwamo Sally Ride, ambaye mwezi Juni 1983 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kufika anga za juu, na Guion Bluford, ambaye mwezi Agosti mwaka huo huo alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika huko.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mae Jemison. Alipokuwa mtoto alimwona Uhura katika televisheni, na hakusahau. Akasomea uhandisi na udaktari, na wasifu wake hutaja Kiswahili miongoni mwa lugha alizojifunza. Tarehe 12 Septemba 1992 aliruka ndani ya chombo Endeavour, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu. Huko kila alipoanza zamu yake aliwaarifu walioko ardhini kwamba njia za mawasiliano zi wazi, kwa maneno yale yale aliyozoea kuyasema Uhura. Mwaka 1993 alialikwa kucheza katika mfululizo mmojawapo wa Star Trek. Hivyo mtoto aliyeitazama hadithi aliitimiza katika maisha, kisha akarudi kuingia ndani ya hadithi hiyo.

Nichols alifariki mwezi Julai 2022. Mwezi Januari 2024 roketi ilichukua sehemu ya mabaki yake hadi katika njia ya kulizunguka jua.

Tumeyataja haya kwa sababu moja. Mara nyingi tumesikia ikidaiwa kwamba jina ni jina tu, na kwamba kazi ya kutafuta istilahi ni ya kujaza orodha. Mfano huu waonyesha kinyume. Mtu husadiki kwamba mahali fulani panamhusu anaposikia panatajwa kwa jina linalomhusu.

3. Uhuru uliofika angani kweli

Wasomaji wengi hukumbuka kwamba neno uhuru lilipandishwa juu ya mlima Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, pale Mwenge ulipowashwa na kilele kikapewa jina la Uhuru. Wachache wakumbuka kwamba miaka 9 baadaye neno lilipanda juu zaidi, safari hii si katika hadithi.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka 7 ya kujitawala, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililokuwa la Waitaliano, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya NASA ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. Kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji, setilaiti ikaitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya uchunguzi wa namna hiyo peke yake. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale ya eksirei, na habari zake zilisaidia kuwapo kwa mashimo meusi kukubalika miongoni mwa wanasayansi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alipata Nishani ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa hiyo mwalimu wa Nyasubi aweza kuwaambia wanafunzi wake bila kusita: Uhura ni wa hadithi, lakini Uhuru ilikuwako kweli, nayo ilirushwa kutoka mwambao wetu wa Afrika Mashariki.

4. Jinsi filamu zinavyofika Nyasubi

Uhura alipoonekana kwanza mwaka 1966, Tanzania Bara haikuwa na televisheni; huduma hiyo ilianza huku mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilitangulia katika miaka ya 1970. Watu wengi wa Bara walizijua filamu za kigeni kwa njia ya sinema za mijini, magari ya sinema, kisha mikanda ya video na baadaye diski. Kule Nyasubi, kama katika miji mingine, chumba cha kuonyeshea huitwa kibanda cha video au, kwa mzaha wa watazamaji wabanwao juu ya mabenchi, kibanda umiza.

Vibanda hivi vilileta kazi mpya ya ufasiri. Mtu husimama na kipaza sauti, au hurekodi sauti yake juu ya filamu, akieleza kwa Kiswahili yanayosemwa na yanayotendeka. Maarufu miongoni mwa wafasiri hao ni Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, ajulikanaye kwa jina la Lufufu. Mfasiri wa namna hii hafuati sentensi kwa sentensi. Hueleza, hufupisha, huongeza methali na mizaha, na huwapa wachezaji tabia zinazotambulikana na watu wake. Wanaoshika kanuni za tafsiri wamelaumu uhuru huo. Sisi twaona kwamba watu hao wamewafikishia sinema maelfu ya watu wasiojua lugha za kigeni, na wafaa kusikilizwa kabla ya kulaumiwa.

Lugha ya vibandani ina msamiati wake. Mchezaji mkuu ni stelingi, neno lililotokana na lile la Kiingereza liandikwalo mbele ya jina lake katika matangazo, na mpinzani wake ni adui. Filamu nyingine imeacha jina mahali pasipotazamiwa: mfuko wa plastiki uliitwa rambo nchini kote, kwa jina la askari wa filamu za Kimarekani, hata wauza nyanya wasioijua filamu wakalitumia. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, lakini neno halikupigwa marufuku pamoja nayo.

Watu wa ukanda wa dhahabu, kutoka Kahama hadi Geita, hawana ugeni na uundaji wa maneno. Wachimbaji wadogo huita shimo lao duara, nguzo za kulizuia lisibomoke matimba, na mashine ya kusaga mawe karasha. Baadhi ya maneno hayo yametolewa katika Kiswahili na kupewa maana mpya, mengine yamekopwa na kuvishwa sauti zetu. Hakuna kamati iliyokaa ili kuyapitisha. Kazi iliyataka, nayo yakaja. Funzo kwa wanaistilahi ni kwamba neno likicheleweshwa, watu hawangoji.

5. Istilahi zipendekezwazo

Yafuatayo ni mapendekezo kwa matumizi ya darasani na ya kufasiria. Mengine yamo tayari katika kamusi au katika vinywa vya watu. Tunachofanya ni kuyapanga na kueleza sababu.

(a) Bunilizi ya kisayansi. Wengi husema filamu ya kisayansi. Jina hilo halitoshi, maana filamu inayofundisha jinsi mbu anavyoeneza malaria nayo ni ya kisayansi, na haikubuni kitu. Neno bunilizi, lililotokana na kitenzi buni, hutenganisha hadithi na taarifa. Neno kisayansi huitenganisha na hadithi za majini na mazimwi. Kwa hiyo tuseme filamu ya bunilizi ya kisayansi, riwaya ya bunilizi ya kisayansi. Fasihi yetu ina mifano. Riwaya ya Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotolewa mwaka 1995, humpeleka mhusika wake katika ulimwengu mwingine kwa chombo cha anga, ili atuonyeshe ulimwengu wetu. Filamu fupi ya Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, ina jina la Kiswahili na husimulia Afrika Mashariki baada ya vita vya kugombea maji, ambamo watu huhesabiwa kila tone na hata jasho husafishwa ili linywewe. Mwaka huo huo ulizinduliwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria katika miji ya Kahama na Shinyanga. Watu waliowahi kusubiri maji kwa foleni hawatahitaji maelezo marefu kuielewa filamu hiyo. Ndiyo kazi ya utanzu huu: kuuliza itakuwaje mambo yakiendelea hivi.

(b) Chombo cha anga, nahodha, rubani. Hapa Kiswahili ni tajiri. Neno chombo tangu zamani ni jahazi na mashua. Nahodha ni mkuu wa chombo. Rubani, ambaye leo wengi wamjua kuwa ni mwendesha ndege, asili yake ni mwelekezaji wa chombo baharini. Neno hilo lilitoka majini likapanda hewani bila taabu, na halina sababu ya kukoma hapo. Mfasiri wa Star Trek aseme nahodha wa chombo, rubani, dira, kutia nanga na kung'oa nanga.

(c) Mwanaanga. Limeundwa kwa kanuni ile ile ya mwanamaji na mwanajeshi. Wingi wake ni wanaanga. Halibagui mwanamume na mwanamke, na hiyo ni faida.

(d) Roboti. Wapo wanaopendekeza mtu-chuma au mtu wa mashine. Twaona afadhali neno la mkopo, kwa sababu lenyewe ni tunda la bunilizi ya kisayansi. Lilianza katika tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920, na limetokana na neno la lugha yake lenye maana ya kazi ya kulazimishwa, ile ambayo wazee wetu waliiita shokoa. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi hivyo, watalikumbuka neno pamoja na historia yake.

(e) Setilaiti. Tahajia mbili zagombana, setilaiti na satelaiti. Zote zatamkika, lakini mwongozo mmoja wahitajika katika vitabu vya shule. Twapendekeza setilaiti.

(f) Kiumbe wa sayari nyingine. Neno mgeni peke yake lapotosha, kwani kwetu mgeni hupokewa na kupikiwa. Neno jini lina mahali pake katika imani za watu, nalo lisichanganywe na habari za sayari.

(g) Jina la filamu yenyewe. Majina ya kazi za kigeni huachwa kama yalivyo katika maandishi rasmi, ila mfasiri aweza kutoa maelezo. Anayesema Safari ya Nyota ajihadhari, maana msikilizaji aweza kufahamu kwamba nyota ndiyo inayosafiri, au kwamba ni habari ya bahati ya mtu, kama tusemavyo kwamba nyota yake imefifia. Safari ya Nyotani yaeleza vizuri zaidi, kwa kuwa kiambishi -ni chaonyesha mahali.

6. Maneno ya mwisho

Swali la tatu sasa laweza kujibiwa. Mambo ya huko hayakuelezwa kwa Kiswahili kwa sababu waliolichukua neno letu walihitaji jina, hawakuhitaji lugha. Walichukua neno moja lililopendeza, nalo likafanya kazi kubwa miongoni mwao. Kuleta maneno yaliyosalia si wajibu wao, ni wetu. Na kama sehemu ya (b) ilivyoonyesha, mengi yao tunayo, hatujayatumia tu.

Walimu twawashauri wasiiogope filamu ya kibandani. Mwanafunzi akija na habari ya chombo kilichopita baina ya nyota, aulizwe kwa Kiswahili: chombo hicho chaendeshwa kwa nguvu gani? Wanaanga wavuta hewa gani? Lipi katika hayo lawezekana, na lipi limebuniwa? Hapo atakuwa ameanza kujifunza sayansi. Wafasiri wa vibandani twawaomba wayajaribu maneno haya mbele ya watazamaji, maana wao hujua kabla yetu ni neno gani linalofahamika mara moja na ni lipi linalowafanya watu wageukiane.

Mapendekezo haya si usanifishaji. Tunayatoa ili yajadiliwe. Wasomaji wa Nyasubi na wa kwingineko wenye maneno mengine yatumikayo katika vibanda, karakana na migodi watuandikie, wakitaja neno, mahali lilipotumiwa, na sentensi nzima lilimosemwa, kwa kuwa neno lisilo na sentensi ni gumu kulipima.